Viwango vya Rejea na Nafasi ya Akiba katika Kurekodi Sauti kwa Dijitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaorekodi sauti Mombasa na viunga vyake: vikundi vya taarab na kaswida, wapiga video za harusi, watayarishaji wa vipindi vya redio, na vijana walioanzisha studio katika chumba kimoja Kisauni, Likoni au Changamwe. Malalamiko yanayosikika zaidi ni mawili, kwamba sauti imepasuka au kwamba sauti iko chini, na mara nyingi yote mawili huanzia mahali pamoja, yaani kiwango kilichowekwa kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa.

0 dBFS ni nini, na kwa nini mita inaonyesha namba zilizo chini ya sifuri?

Katika mfumo wa dijitali wimbi la sauti hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipimo, kinachoitwa sampuli, huandikwa kwa namba, na namba hizo zina kikomo. Namba kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa ndiyo huitwa 0 dBFS (desibeli sifuri za kipimo kamili), na viwango vingine vyote huhesabiwa kwa kushuka kutoka hapo. Ndiyo maana mita ya kompyuta au ya kinasa sauti huonyesha -6, -18, -40 na kadhalika. Sauti inayotaka kupita 0 dBFS haina pa kwenda. Kila sampuli iliyozidi huandikwa kwa namba ile ile ya mwisho, na wimbi ambalo lilipaswa kuwa na kilele cha mviringo hubaki na kichwa bapa. Kichwa hicho bapa ndicho sikio hukisikia kama mpasuko.

Kanda za sumaku hazikuwa hivyo. Kanda ilipozidiwa ilianza kubana sauti kidogo kidogo, na wapo waliopenda ladha yake. Dijitali hubaki safi kabisa mpaka desibeli ya mwisho, kisha huharibika ghafla, bila onyo lolote katika mlio wenyewe.

Nafasi ya akiba ni nini?

Ni umbali kati ya kiwango cha kawaida cha kazi yako na 0 dBFS. Ikiwa mwimbaji kwa wastani anaimba kwenye -18 dBFS, una akiba ya desibeli 18 kwa ajili ya pale atakapopandisha sauti kwenye kiitikio, atakapocheka, au atakapoisogelea maikrofoni ghafla. Akiba hiyo si mahali patupu panaposubiri kujazwa. Ipo kwa ajili ya yale ambayo huwezi kuyatabiri.

Kiwango cha rejea ni -18 au -20? Mbona kila kitabu kinasema lake?

Kiwango cha rejea ni namba ya dijitali inayolinganishwa na kiwango cha kawaida cha kazi. Vyote viwili ni sahihi, kila kimoja katika mfumo wake. Ili kuelewa, ni lazima turudi kwenye vifaa vya analogi. Mita ya VU, ile ya sindano inayoonyesha ukubwa wa sauti, ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 1939, na katika vifaa vya kitaalamu sifuri yake hulingana na +4 dBu (desibeli za kupimia volti), yaani volti 1.228. Sifuri hiyo haikuwa kikomo. Ilikuwa mahali pa kufanyia kazi, na juu yake amplifaya ilikuwa na desibeli nyingi za kupumulia. Zilipokuja mashine za dijitali, wahandisi walilazimika kuamua ni namba gani ya dijitali itakayolingana na kiwango hicho cha kazi. Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, uliweka -18 dBFS katika pendekezo lake R68, na chama cha wahandisi wa filamu na televisheni cha Marekani, SMPTE, kikaweka -20 dBFS.

Tofauti ya desibeli 2 inaonekana ndogo, lakini volti zilizo nyuma ya namba hizo hazifanani. Katika mitambo mingi ya Ulaya -18 dBFS hulingana na 0 dBu, kwa hiyo kikomo cha dijitali huwa +18 dBu. Katika mfumo wa SMPTE -20 dBFS hulingana na +4 dBu, na kikomo huwa +24 dBu. Ukiunganisha miksa iliyopangwa kwa mfumo mmoja na kinasa sauti kilichopangwa kwa mfumo mwingine, unaweza kukosea kwa desibeli 6 bila kugusa kitu. Kadi za sauti za bei nafuu, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, kwa kawaida hufika kikomo kwa volti ndogo zaidi. Fungua kijitabu cha kifaa chako utafute kiwango cha juu cha kuingiza. Ni mstari mmoja tu, na ndio wenye manufaa kuliko kurasa zote za sifa.

Kwa anayefanya kazi peke yake katika studio ndogo, ushauri wangu ni kuchagua -18 dBFS na kutoibadilisha. Kinachokuokoa ni kutumia kiwango kilekile kila siku. Desibeli 2 zilizopo kati ya mifumo hii hazitakudhuru.

Nimecheza mlio wa kupimia wa hezi 1000 kwenye -18, lakini mita moja inasoma -18 na nyingine -21. Ipi ni mbovu?

Hakuna iliyo mbovu. Mita ya kwanza inasoma kilele cha wimbi na ya pili inasoma wastani wake wa nishati, na kwa wimbi safi la mviringo wastani huo uko desibeli 3 chini ya kilele. Baadhi ya programu huongeza hizo desibeli 3 ili namba zilingane, nyingine haziongezi. Kabla ya kubishana na mwenzako kuhusu kiwango, hakikisheni kwanza kwamba mnasoma aina moja ya mita.

Basi nikimrekodi mwimbaji, nifuate utaratibu gani hasa?

Weka maikrofoni mahali itakapokaa mpaka mwisho, kwa sababu kila badiliko la umbali hubadilisha kiwango. Pasipo mwangwi mwingi, umbali ukiongezeka maradufu sauti ya moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6. Kisha mwombe mwimbaji aimbe sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote katika wimbo, kwa nguvu ileile atakayoitumia siku ya kazi. Asihesabu moja, mbili, tatu. Mtu anayehesabu kwenye maikrofoni huongea kwa adabu, na mtu huyohuyo akifika kwenye kiitikio, bendi ikimsukuma, hutoa sauti nyingine kabisa. Wakati akiimba, pandisha geini ya maikrofoni, yaani kiasi sauti inavyokuzwa kabla ya kurekodiwa, polepole mpaka vilele vikubwa viguse kati ya -12 na -10 dBFS. Ukifika hapo, wastani wake kwa kawaida utakuwa karibu na -20 au -18, yaani palepale kwenye kiwango cha rejea.

Baada ya hapo shusha geini kwa desibeli 2 au 3 zaidi ikiwa ni onyesho la moja kwa moja. Msanii aliyesimama mbele ya watu, maua yakitupwa na akina mama wakipiga vigelegele, huimba kwa nguvu kuliko alivyoimba wakati wa majaribio. Hili halina mwimbaji wa kipekee. Hutokea kwa wote, na anayerekodi harusi za pwani anapaswa kulihesabu mapema kama anavyohesabu betri.

Ukishaweka geini, usiiguse tena katikati ya wimbo. Spika za kusikilizia zikiwa chini, pandisha spika. Mazoea ya kupandisha geini ya kurekodia kwa sababu tu msikilizaji chumbani hasikii vizuri yameharibu rekodi nyingi nzuri ambazo hazitarudiwa.

Lakini nikirekodi chini hivyo, sipotezi ubora?

Hofu hii ina asili ya kweli. Katika kaseti, aliyerekodi chini alisikia mvumo wa kanda ukifunika sauti laini. Katika dijitali ya biti 16 (biti ni tarakimu zinazoandika namba ya kila sampuli), ambayo ndiyo ya CD tangu 1982, upana kutoka sauti ndogo kabisa hadi kubwa kabisa ni takriban desibeli 96, na mashine za mwanzo hazikuufikia hata huo. Wakati ule kujaza mita kulikuwa na maana.

Leo karibu kila kadi ya sauti hurekodi kwa biti 24. Kila biti ina thamani ya takriban desibeli 6, kwa hiyo biti 24 zina upana wa desibeli 144 katika hesabu, ingawa vigeuzi vizuri kabisa, yaani vipuri vinavyogeuza sauti kuwa namba, hufikia kiasi cha 120 tu kwa sababu ya mvumo wa vipuri vyenyewe. Ukiacha vilele vyako kwenye -12 dBFS umeacha biti 2, na zilizobaki 22 bado zina upana kuliko kigeuzi chochote unachoweza kukinunua. Sasa linganisha na chumba. Mwimbaji anaweza kufika desibeli 85 au 90 mbele ya maikrofoni (hizi ni desibeli za sauti hewani, si za mita ya dijitali). Feni ya dari, kiyoyozi cha jirani na honi za bodaboda barabarani hukaa kwenye 40 au zaidi. Tofauti kati ya sauti unayoitaka na kelele usiyoitaka ni desibeli 50 hivi. Kelele ya chumba chako itasikika muda mrefu kabla ya kelele ya biti, na kuisukuma mita juu hakuipunguzi hata kidogo, kwa maana geini hupandisha vyote viwili pamoja.

Ukitaka rekodi safi zaidi, zima feni, funga dirisha la upande wa barabara, sogeza maikrofoni karibu. Hapo ndipo ubora ulipo.

Tari na dufu hupasuka ingawa mita haionyeshi kitu kikubwa. Kwa nini?

Kwa sababu pigo la tari ni fupi kuliko subira ya mita. Mita ya VU imeundwa ionyeshe kile sikio linachokiona kama ukubwa wa sauti, na huchukua takriban milisekunde 300 kufika inapopaswa kufika. Kiganja kinapogonga ngozi na vibati vya pembeni vikalia, kilele huja na kuondoka ndani ya milisekunde chache, na sindano haijawahi hata kunyanyuka. Sauti ya mtu anayeongea ina vilele vilivyo juu ya wastani wake kwa desibeli 12 hivi au zaidi. Ngoma na tari zinaweza kufika 18 au 20. Ukiweka wastani wa tari kwenye -18 dBFS kama ulivyomwekea mwimbaji, vilele vyake vinaweza kuwa tayari vimegonga 0.

Kwa hiyo kwa vyombo vya kupigwa acha wastani, tazama vilele peke yake, na uvizuie visipite -10 dBFS. Wastani utaonekana mdogo mno, pengine -28 au -30, na itakubidi uuvumilie. Kundi la kaswida lenye matari manane yanayopigwa pamoja hurekodiwa vizuri kwa maikrofoni mbili zilizowekwa juu kidogo, mita 2 au 3 mbele ya safu, kuliko maikrofoni moja iliyo puani mwa mpigaji wa mbele. Udi ni kinyume chake. Ni chombo cha sauti ndogo, chenye mapigo ya kigwara yanayopendeza yakisikika, na kinastahili maikrofoni na njia yake peke yake ili geini yake isitawaliwe na dumbaki iliyo jirani.

Mita yangu haikupita -10, lakini sauti imepasuka. Inawezekanaje?

Inawezekana, na katika video za harusi ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Mita inaonyesha kilichofika kwenye kigeuzi. Haijui yaliyotokea kabla. Mpiga video huomba waya kutoka kwenye miksa ya mwenye vyombo na kuuchomeka kwenye tundu la maikrofoni la kamera. Miksa hutoa volti za laini, karibu na +4 dBu, ilhali tundu lile limetengenezwa kupokea maikrofoni, iliyo chini yake kwa desibeli 40 hadi 60. Amplifaya ndogo ya mwanzo ndani ya kamera inazidiwa papo hapo na kukata vilele. Kisha mpiga video anaona mita imejaa, anashusha kiwango kwenye menyu, mita inatulia kwenye -10, naye anaridhika. Alichoshusha ni sauti iliyokwisha kupasuka.

Ukiifungua rekodi kama hiyo kwenye kompyuta na kukuza picha ya wimbi, utaona vichwa bapa vilivyojipanga vyote kwenye kimo kimoja, mbali kabisa na 0. Dawa yake iko kabla ya kamera: tumia kipunguza sauti cha desibeli 20 au 40 kwenye waya, au kinasa sauti chenye tundu la laini, au mwombe fundi wa miksa akupe njia ya pembeni unayoweza kuishusha. Vilevile zima geini ya kujiendesha ya kamera, kwa sababu yenyewe hupandisha kelele ya ukumbi kila shekhe anaponyamaza kuvuta pumzi.

Tatizo hilohilo hutokea kwenye taishokoto na kinanda vinapochomekwa kwenye tundu la maikrofoni la kadi ya sauti. Kama kadi ina kitufe cha kupunguza desibeli 10 au 20, kibonyeze kabla ya kugusa geini.

Nikirekodi Mama Ngina au karibu na bahari, upepo unahusika na kiwango?

Unahusika sana, na hasa msimu wa kusi. Upepo unaogonga maikrofoni hutoa nguvu kubwa katika masafa ya chini, mengine yasiyosikika vizuri kwenye spika ndogo, lakini mita na kigeuzi huyahesabu yote. Unaweza kumwona msemaji kwenye -25 na mita ikiruka hadi -3 bila wewe kusikia sababu. Akiba yako yote imeliwa na upepo. Tumia kifuniko cha manyoya, kwani sponji peke yake haitoshi ufukweni, na uwashe kichujio cha masafa ya chini, hezi 80 au 100, kwenye maikrofoni yenyewe. Kichujio cha kwenye kompyuta kinakuja baada ya madhara kutokea.

Nitumie limita wakati wa kurekodi?

Limita ni kizuizi kinachozuia vilele visipite kiwango ulichoweka. Ile ya analogi iliyo kabla ya kigeuzi ni kinga nzuri ya ajali, mradi isifanye kazi kila wakati. Limita iliyo ndani ya programu ya kompyuta haikingi kurekodi kabisa, kwa kuwa sauti huifikia ikiwa imeshageuzwa kuwa namba.

Vinasa sauti vya biti 32 vya nukta elea vimeondoa haja ya haya yote?

Vimepunguza. Vinasa kama Zoom F6, kilichotoka 2019, vina vigeuzi viwili kwa kila njia, kimoja cha sauti ndogo na kingine cha sauti kubwa, na faili yake inaweza kuhifadhi namba zilizo juu ya 0 dBFS ambazo baadaye hushushwa bila kuharibika. Kwa anayerekodi peke yake katika shughuli yenye watu wengi, ni msaada mkubwa. Hata hivyo maikrofoni yenyewe ina kikomo chake cha nguvu ya sauti, na ikizidiwa hakuna faili itakayoirudisha. Tena, kuchagua biti 32 kwenye menyu ya programu huku kadi yako ina kigeuzi cha kawaida cha biti 24 hakukupi akiba yoyote mpya wakati wa kurekodi.

Kila njia iko chini, lakini nikichanganya zote miksa inagonga nyekundu.

Sauti hujumlishana. Njia mbili zisizofanana zenye nguvu sawa huongeza takriban desibeli 3. Zikifanana kabisa huongeza 6. Njia 16 tofauti zenye nguvu sawa huongeza kiasi cha desibeli 12. Aliyerekodi kila njia mpaka juu hulazimika kushusha zote, na aliyeacha akiba tangu mwanzo hukuta miksa inakaa vyema karibu yenyewe. Ndani ya programu hesabu hufanywa kwa nukta elea na haikati kitu, lakini spika na faili ya biti 16 au 24 hukata. Shusha njia zote kwa pamoja. Kushusha njia kuu ya mwisho peke yake hakusaidii ikiwa kompresa (vibana sauti) zilizo katikati zimeshapokea sauti iliyozidi.

Kazi ikiisha niifikishe kiwango gani? Wateja wanataka isikike kubwa.

Hapa ndipo ukubwa hutengenezwa, mwishoni, kwa mita nyingine inayosoma LUFS. Kipimo hicho kilitolewa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, mwaka 2006 kwa jina BS.1770, nacho huyapa masafa uzito kwa kukadiria jinsi sikio linavyoyasikia. EBU ilikitumia mwaka 2010 katika pendekezo R128: kipindi cha utangazaji kiwe -23 LUFS, na kilele halisi, yaani kile cha wimbi lenyewe hata kati ya sampuli, kisipite desibeli -1. Spotify hucheza muziki kwenye -14 LUFS kwa mpangilio wake wa kawaida, na Apple hupendekeza -16 kwa podikasti. Wimbo uliobanwa mpaka -7 utashushwa na Spotify ukae sawa na wenzake, na utasikika mwembamba na mchovu kando ya ule uliopumua. Kazi ya redio au televisheni iulizie kituo chenyewe kabla ya kuipeleka.

Faili yangu ilikuwa safi, ila ilipogeuzwa MP3 au kutumwa kwa WhatsApp ikaanza kukwaruza.

Mita ya kawaida husoma sampuli, ilhali wimbi halisi linaweza kupanda juu zaidi kati ya sampuli mbili. Kubanwa kwa faili nako hubadilisha wimbi na kuzalisha vilele vipya. Tumia mita ya kilele halisi na uache -1, au -2 kama kazi yako ni kubwa kuliko -14 LUFS. Faili unayomtumia mwenzako kwa ajili ya kuifanyia kazi itume kama hati, isiwe kama ujumbe wa sauti.

Nina kaseti za zamani za taarab. Nizihamishie kwenye kompyuta kwa kiwango gani?

Kaseti ina upana wa desibeli 50 au 60 tu, kwa hiyo biti 24 zinaimeza na kubakisha nafasi tele. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, huku 96,000 zikipendelewa. Safisha kichwa cha deki, kilinganishe na kanda mpaka vinanda na vibati ving'ae, kisha peleka kanda mbele utafute sehemu yenye kelele nyingi kuliko zote, ambayo aghalabu ni karibu na mwisho, bendi nzima ikipiga. Weka vilele vyake kwenye -6 dBFS, rudisha kanda mwanzo, na uirekodi upande mzima bila kugusa chochote. Usitumie kompresa wala kusafisha kelele katika nakala hii ya kwanza. Hayo yafanyie nakala ya pili, kwani kanda nyingi za Mombasa zimekaa miaka katika joto na unyevu wa pwani na huenda zisikubali kuchezwa mara nyingine.